MARADHI YA INI: UMUHIMU WA KUMUONA DAKTARI BINGWA KABLA YA MAUMIVU

Damu inayotolewa kwa hiari hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa, na virusi vya homa ya ini aina ya B ni miongoni mwa vinavyotafutwa. Kwa njia hiyo wapo wakaazi wa Arusha wanaoarifiwa kuwa wana virusi hivyo, ilhali hawana homa wala maumivu. Baadhi yao hurejea nyumbani na kungojea dalili.

Kungojea huko ndiko kwenye hatari. Ini haliumi upesi. Virusi huweza kukaa ndani yake kwa miaka mingi vikiliachia makovu, na pale macho yanapogeuka manjano, tumbo linapojaa maji au mtu anapotapika damu, huenda ini limekwisha kuharibika vibaya au limeingiwa na saratani.

Inafaa ifahamike kwamba chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Watumishi wengi walio kazini leo walizaliwa kabla ya hapo. Aidha, katika kila watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki na virusi. Kwa watu wazima ni chini ya 5 katika kila 100. Hivyo mtu huweza kuwa navyo tangu utotoni bila ya kujua.

Mkaazi wa Usa River au Ngarenanyuki huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, mjini Arusha. Ikihitajika, hupewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, umbali wa kiasi cha kilomita 80, au Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Achukue barua ya rufaa, majibu yote ya vipimo, na orodha ya dawa anazotumia, mitishamba ikiwemo, kwani baadhi yake hudhuru ini.

Daktari bingwa huangalia wingi wa virusi katika damu, utendaji wa ini, na picha ya ultrasaundi. Maradhi yakidumu zaidi ya miezi 6 huhesabiwa kuwa sugu. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Wengine hufuatiliwa tu. Anayepewa dawa kama tenofovir asiiache bila ya idhini ya daktari, kwani maradhi huweza kurudi kwa nguvu. Homa ya ini C, kwa upande wake, sasa hutibika kabisa kwa wagonjwa walio wengi, kwa vidonge vya takriban wiki 12.

Mgonjwa anashauriwa kuacha pombe, mbege ikiwemo, na kuepuka mahindi na karanga zilizoota ukungu. Mwenzi wake na watoto wapimwe, na wasio na kinga wapatiwe chanjo.

Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Haiambukizwi kwa kupeana mikono wala kula sahani moja. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtumishi kutengwa na wenziwe, na wakuu wa kazi wanaombwa kumpa nafasi ya kuhudhuria kliniki kwa tarehe alizopangiwa.