MITUME WA KALE NA MTUME WA NYASA

Neno "mtume" latokana na kutuma. Mtume ni mtu aliyetumwa. Hasemi neno lake mwenyewe, bali afikisha neno la yule aliyemtuma. Wahenga walisema, "Mjumbe hauawi." Walakini katika habari tutakazoeleza hapa wajumbe wengi waliuawa, na wengine walikufa maji au kwa homa, mbali na kwao. Hata hivyo neno lao halikufa pamoja nao. Twataka kuonyesha sababu yake, kwanza kwa mitume wa kale, kisha kwa watu waliofuata nyayo zao katika nchi yetu, pwani ya Ziwa Nyasa toka Manda na Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, na juu katika milima ya Umatengo, iliko Mbuji.

Petro na Andrea nduguye walikuwa wavuvi wa Ziwa la Galilaya. Mtu wa Nyasa hana haja ya kuelezwa kazi yao: ajua nyavu tupu za asubuhi, na dhoruba inayoinuka ghafula. Paulo alikuwa msomi na fundi wa kushona mahema. Alisafiri kwa miguu na kwa merikebu, naye aandika ya kwamba alivunjikiwa na merikebu mara tatu. Mapokeo ya Kanisa husema kwamba Petro na Paulo waliuawa Roma zamani za Kaisari Nero, na ya kuwa Tomaso alifika Bara Hindi.

Watu hao hawakuacha mali wala majumba. Waliacha mambo matatu: maandiko, makundi ya waumini, na watu waliofundishwa kuyaangalia makundi hayo. Paulo alimwacha Timotheo Efeso na Tito Krete, naye akaenda zake. Tuyashike mambo hayo matatu, maana ndiyo mizani ya kumpimia mtume ye yote.

Sasa tuje kwetu. William Percival Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1876 pamoja na wamisionari wa UMCA. Baada ya miaka michache alishika njia kwenda Ziwa Nyasa. Mwenzake, Charles Janson, alikufa mwaka 1882, muda mfupi baada ya kufika ziwani, na Johnson akabaki peke yake. Siku zile pwani ile haikuwa na amani. Misafara ya watumwa ilipita, Wangoni walishambulia vijiji, na watu wengi waliishi ndani ya maboma.

Johnson aliona ya kwamba ziwa lenyewe ndiyo njia kuu ya nchi ile, basi akaenda Ulaya kutafuta fedha za kununua meli. Kisha maradhi ya macho yalimpata. Jicho moja likapofuka, na la pili likabaki na nuru hafifu. Hakukata tamaa. Meli ilipatikana, ikaletwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko, ambapo mashua hazipiti, wapagazi walivichukua vipande vile nchi kavu, hata ikaungwa tena mwaka 1885. Iliitwa Charles Janson, kwa jina la yule aliyekufa. Twawakumbuka na wapagazi wale: majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa meli, lakini bila mabega yao isingalifika.

Tangu hapo Johnson alikuwa mtu wa kutembea. Aliishi melini na vijijini, akala chakula cha wenyeji, akajifunza lugha yao. Kwa jicho lile moja alifasiri Biblia kwa Kinyanja, nayo ikapigwa chapa nzima mwaka 1912. Mwenzake wa tangu Oxford, Chauncy Maples, aliwekwa kuwa Askofu wa Likoma mwaka 1895. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, alipokuwa akirejea kazini, mashua yake ilipinduka usiku katika dhoruba, naye akafa maji. Johnson aliendelea miaka mingi zaidi, hata akafa Liuli mwezi wa Oktoba 1928, akazikwa huko. Waliomjua walimwita Mtume wa Nyasa.

Upande wa milimani neno lilikuja kwa njia nyingine. Wamonaki Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Cassian Spiss, aliyeianzisha Peramiho, alifanywa askofu baadaye. Naye aliuawa mwezi wa Agosti 1905, mwanzo wa vita vya Maji Maji, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hapa yafaa tuseme kweli. Mitume wa kale hawakuwa na serikali nyuma yao. Serikali ndiyo iliyowaua. Wamisionari hawa walikuja wakati mmoja na utawala wa Wadachi, na watu waliochoshwa na kodi na kazi za shuruti hawakuona tofauti ya mzungu na mzungu. Mjumbe huonekana kwa sura ya wale anaofuatana nao.

Basi tuwapime kwa mizani yetu. Maandiko yalikuwapo, na makundi yalikuwapo. Na watu je? Yohanna Abdallah, Myao, alipewa upadre mwaka 1898, akawa mchungaji wa Unangu, na tena akaandika kitabu cha historia ya Wayao kwa lugha yao. Leonard Kamungu, mzaliwa wa pwani ya mashariki ya ziwa, alipewa upadre mwaka 1909. Yeye hakubaki kwao. Alitumwa Msoro, katika nchi iitwayo sasa Zambia, akaanza kazi mahali asipojulikana na mtu. Alikufa huko mwaka 1913, na wengi waliamini ya kuwa alilishwa sumu.

Hapo ndipo kazi ya Johnson ilipotimia: si siku alipofika yeye, bali siku mtoto wa ziwa alipofunga mzigo wake, akatumwa kwa wengine. Na mwaka 1971 Dayosisi ya Anglikana ya Ruvuma ilipoanzishwa, wenyeji wenyewe walikuwa wamekwisha kuwa walimu na mapadre wa vijiji vyao. Mtume mwema ni yule ambaye akiondoka, neno hubaki na wenyewe.