Spea za Land Rover 109: kungoja ni ghali kuliko chuma

SANYA JUU

Msimu wa mavuno ukifika Sanya Juu, wilayani Siha, gari lililosimama juu ya mawe ni hasara inayohesabika kila siku. Mazao hutoka mashambani kwa njia za tope na mashimo, na Land Rover 109 ni miongoni mwa magari yanayozimudu. Gari hilo lilikoma kuundwa Uingereza mwaka 1985. Mpenda magari huliita la kumbukumbu. Mwenye kulifanyia kazi huliita mtaji. Kwake swali si kama spea zipo, bali ni ipi inayoingia kwenye gari lake na itamfikia baada ya siku ngapi.

Zinafanana kwa macho tu

Fedha nyingi hupotea katika swali la kwanza. Toleo la II lilianza 1958, IIA likafuata 1961 na la III likatoka 1971. Kwa nje ni ndugu, ndani zimebadilika. Krenki ya injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu hadi 1980, zilipofanywa tano. Anayerudi kutoka Dar es Salaam na krenki ya beringi tano kwa ajili ya injini ya tatu amenunua chuma chakavu kwa bei ya spea. Hafu shafti nazo hutofautiana, maana 109 za toleo la III zilifungwa difu ya Salisbury nyuma, ambayo shafti zake haziingiliani na za difu ya zamani.

Kadi ya gari haitoshi. Baada ya miaka 40 ya matengenezo, gari la 1974 laweza kuwa na injini ya mwaka mwingine na difu ya gari jingine. Njia salama ni kuandika namba ya injini, kuhesabu meno ya shafti, na kwenda dukani na spea mbovu mkononi.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni spea mpya. Dar es Salaam hutafutwa Gerezani na Kariakoo. Nairobi ni Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan. Kenya ina historia na gari hili, kwani kiwanda cha Leyland cha Thika, kilichoanzishwa 1974, kiliunganisha Land Rover. Mnunuzi aulize kama ni orijino au ya kiwanda kingine, na aingize ushuru, VAT ya asilimia 18 na nauli kwenye hesabu yake.

Mlango wa pili ni gari linalokatwa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haili kutu, ila chesisi ni ya chuma na huoza. Ndiyo maana gari lililokufa chesisi huweza kuacha milango, giaboksi na difu nzima. Mnunuzi wa skrepa hulipima kwa kilo, na aluminiamu huishia kuwa sufuria. Mwenye mtaji mdogo anayewahi kabla yake hununua kwa kilo na kuuza kwa kipande. Faida iko hapo.

Mlango wa tatu ni kuchonga kwa mafundi wa mashine mjini Moshi. Bushi na pini za springi huchongeka vizuri. Spea za breki na usukani zisichongwe. Hapo kinachowekwa rehani ni maisha ya abiria.

Hesabu ya siku

Chukua mfano, kwa tarakimu za kukadiria tu. Gari linabakiza Sh 60,000 kwa siku wakati wa mavuno. Hafu shafti mpya ni Sh 200,000 na inafika baada ya siku tano. Gharama halisi si Sh 200,000, bali Sh 500,000, kwa sababu Sh 300,000 zimeliwa na kungoja. Shafti hiyohiyo ikinunuliwa kabla ya msimu na kuwekwa stoo, gari hurudi kazini siku ileile. Wengi hubishania punguzo la Sh 10,000 kwenye chuma, kisha hupoteza mara thelathini yake kwenye siku.

Kwa mwenye duka

Hesabu hiyo ndiyo soko la mwenye duka wa Sanya Juu au Boma Ng'ombe. Pleti za klachi, mipira ya breki, majani ya springi na hafu shafti ni bidhaa za kuweka rafuni. Krenki na giaboksi hufunga mtaji kwa muda mrefu. Ziagizwe kwa mteja aliyelipa amana.

Jambo la kuangalia ni injini. Wapo wenye 109 waliotoa ya petroli wakafunga dizeli ya Toyota au Isuzu. Kila anayefanya hivyo hupunguza mteja mmoja wa spea za injini, lakini bado anahitaji springi na difu. Upande wa pili, Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Mahitaji bado yapo; mtaji wa busara uwekwe chini ya gari kuliko ndani ya boneti.