Je, Wajua? Riwaya iliyoponea maktabani

Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1982, alifariki Aprili 2014. Mwaka huohuo makaratasi yake yalinunuliwa kwa dola milioni 2.2 na kupelekwa Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas, Austin: miswada, barua, albamu za picha, hata taipureta na kompyuta zake. Humo mna rasimu kadhaa za riwaya moja fupi tu, En agosto nos vemos. Mwenyewe, kumbukumbu zikimtoka, aliagiza iharibiwe. Wanawe hawakumtii (wasomaji wengi hatulalamiki!) na ikachapishwa 2024. Kuona alivyokata na kusahihisha hakuhitaji viza: zaidi ya picha 27,000 za nyaraka zake ziko mtandaoni, bure.