Haki ya Punda Barabarani

Ijumaa moja, nikiwahi msikitini, niliukuta mkokoteni wa maji mbele yangu. Nikapiga honi kwa pupa. Punda akashtuka, akauingiza mkokoteni mtaroni, na kijana aliyemwongoza akaanguka. Alhamdulillahi, hakuumia, lakini maji, riziki yake ya siku, yalimwagika. Nilimlipa, nikamwomba radhi, na nilipofika nikaikuta hotuba ikimalizika.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo kwetu. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Vipi basi sisi tuwe ndio udhia wenyewe?

Mnyama aliyeshtuliwa na kelele ya ghafla hasikii hatamu. Ndiyo maana kanuni za barabara za Uingereza, zilizorekebishwa mwaka 2022, zinamtaka dereva ampite farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kama kilomita 16, na kumwachia nafasi ya mita 2 au zaidi. Adabu hiyo yatufaa nasi: punguza mwendo, usipige honi, subiri, kisha pita mbali. Mwenye mkokoteni naye aweke vya kung'aa usiku, wala asimwachie mtoto hatamu penye magari mengi.

Wazazi wenzangu, watoto wetu hujifunza adabu ya njia wakiwa wameketi nyuma yetu garini. Subira haingenichelewesha siku ile. Pupa ndiyo iliyonichelewesha.