Pikapu ya Riyadh Ibaki na Kazi za Riyadh

Barabara ya Olaya jijini Riyadh, kati ya mnara wa Faisaliah na ule wa Mamlaka, inajulikana kwa magari ya kifahari, lakini kazi za mtaa huo zinabebwa na pikapu nyeupe. Ndizo zinazoleta mafundi wa viyoyozi, ngazi, mabomba, nyaya na katoni za maji hadi milango ya nyuma ya majengo yale ya vioo. Nyingi ni Toyota Hilux, na kati yake zimo Isuzu D-Max, Nissan na Mitsubishi L200. Kampuni ikishazitumia miaka kadhaa inaziuza, nazo huangukia kwa wenye yadi, kwenye minada ya haraji na kwenye matangazo ya simu. Hapo ndipo Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi Riyadh na Jeddah wanapokutana nazo, na wengi hupiga hesabu ileile: huku ni rahisi, nyumbani ni ghali, kwa hiyo nikinunua moja nimepata mtaji. Hesabu hiyo ina kasoro. Pikapu iliyotumika ya Saudia ni ununuzi mzuri kwa mtu atakayeitumia hukohuko kwa shughuli zake na kuiuza hukohuko. Kwa anayetaka kuipeleka Mombasa, au kubebea watu mizigo kwa malipo huku ana iqama, kibali cha ukaazi, ya kazi nyingine, ni mzigo ambao bei yake halisi haijaandikwa kwenye tangazo.

Kasoro ya kwanza iko kwenye usukani. Saudia watu huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani wa gari uko kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, ni kinyume chake. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na juu ya hapo gari linaloingizwa lisizidi umri wa miaka minane. Wapo wanaojibu kwamba usukani unahamishwa, fundi yupo. Fundi yupo kweli, lakini kuhamisha usukani ni kufumua dashibodi yote, kusogeza mfumo wa usukani wenyewe, pedeli na mabomba ya breki, kukata nyaya na kuziunga upya, na kutoboa bati linalotenganisha injini na kebini mahali ambapo kiwanda hakikupanga. Kila kiungo kilichoguswa hapo ni kiungo kinachomlinda dereva. Gari la namna hiyo huishia kudharauliwa na wanunuzi, na wana haki ya kulidharau. Hoja hii haimhusu kila msomaji: Kongo, Burundi, Rwanda na Visiwa vya Komoro huendesha kulia, kwa hiyo mtu wa Bujumbura au Moroni anaweza kuiangalia pikapu ya Jeddah kwa jicho jingine, akishajua masharti ya umri na ushuru ya kwao.

Kwa Mkenya anayerudi nyumbani moja kwa moja ipo njia ya halali ambayo wengi hawaisikii mpaka wamechelewa. Sheria ya forodha inampa mkazi anayerejea msamaha wa ushuru kwa gari moja, endapo ameishi nje angalau miaka miwili na gari limekuwa kwa jina lake angalau miezi kumi na miwili. Kwa kuwa aliyeishi nchi kama Saudia anamiliki gari la usukani wa kushoto, anaruhusiwa kuliuza hukohuko na kuingiza jingine la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza. Faida ya pikapu yake kwa safari ya nyumbani, basi, iko kwenye karatasi: hati ya usajili iliyo kwa jina lake na uthibitisho wa mauzo. Aliyenunua kwa jina la mwajiri au la rafiki hana cha kuonyesha.

Halafu kuna gari lenyewe. Watu husema Hilux haifi, na sifa hiyo haikuzuka hewani. Vita vya mwaka 1987 kati ya Chad na Libya vilipewa jina la Toyota kwa sababu ya pikapu zilizobeba wapiganaji kwa kasi jangwani. Lakini kilichojengewa sifa ni muundo: chasisi ya chuma iliyojitenga na bodi, springi za majani nyuma, na vipuri vinavyopatikana kila mahali. Muundo mzuri haumhakikishii mnunuzi kwamba pikapu iliyo mbele yake ilitunzwa. Kiangazi cha Riyadh hupita nyuzi 45, na gari la kazi hushinda limewashwa, limesimama, kiyoyozi kikiunguruma huku mafundi wakipanda na kushuka. Saa hizo zote injini inachakaa bila kilomita kuongezeka, ndiyo maana namba ya kwenye dashibodi, hata isipochezewa, inasimulia nusu tu ya habari. Mipira ya rejeta hukakamaa, betri hufa mapema, kompresa ya kiyoyozi huchoka, na vumbi laini likipita kwenye chujio la hewa lisilobadilishwa kwa wakati hula silinda polepole. Jeddah ina adha nyingine: unyevu na chumvi ya Bahari ya Shamu hutafuna chuma kutoka chini, na mafuriko yamezamisha magari mengi. Yale ya tarehe 25 Novemba 2009 yaliua watu zaidi ya mia, na mwaka 2011 na Novemba 2022 maji yalirudi tena mitaani.

Kwa hiyo mnunuzi asianze na rangi. Aanze chini, gari likiwa juu ya jeki kubwa ya gereji kule Sinaiya, eneo la karakana. Apitishe mkono juu ya chasisi kuanzia gurudumu la mbele hadi nyuma ya bodi, akitafuta kutu inayobanduka kwa maganda, alama za kuchomelea na mikunjo, kwa kuwa chasisi iliyonyooshwa baada ya ajali haitulii tena barabarani. Asome namba iliyogongwa kwenye fremu na kuilinganisha, tarakimu kwa tarakimu, na iliyo kwenye istimara, yaani hati ya usajili. Atazame springi za nyuma: zikiwa zimelala bapa, au zimeongezwa majani, gari lilibebeshwa kupita kiasi. Anyanyue zulia karibu na pedeli na kunusa. Tope kavu ndani ya plagi za nyaya chini ya kiti, au kutu kwenye reli za kiti, ni dalili ya gari lililozama, na umeme wa gari lililozama huharibika kidogokidogo kwa miaka. Kisha injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha. Ukaguzi wa lazima wa serikali, fahas, unasaidia, ila kazi yake ni kuthibitisha kwamba gari linafaa barabarani siku ile. Haumwambii mtu kama giaboksi itafika mwakani. Fundi wa kujitegemea, asiyetumwa na muuzaji wala dalali, ni gharama ambayo haifai kukwepwa.

Kuhusu mafuta, ushauri wa zamani umepitwa. Wengi bado hutafuta injini ya dizeli kwa sababu dizeli ya Saudia ilikuwa karibu na bure. Januari 2024 lita ilipanda kufika riyali 1.15, na Januari 2025 ikafika 1.66, wakati petroli ya 91 ilikuwa imewekewa kikomo cha riyali 2.18 tangu Julai 2021. Dizeli bado hula kidogo kwa kilomita, lakini tofauti ya bei imepungua sana, na pampu na nozeli za dizeli zikiharibika ni ghali kuliko chochote kwenye ile injini ya petroli ya 2.7 iliyo kwenye Hilux nyingi za huko, ambayo hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Kwa mtu mwenye safari fupi za mjini, petroli ndiyo yenye akili. Na asiye na mizigo kabisa hana haja ya pikapu: tangu Desemba 2024 treni ya Metro, njia ya buluu, inapita Olaya hadi Batha.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko kwenye chuma. Iko kwenye jina na matumizi. Pikapu za mizigo hubeba namba za usafirishaji, tofauti na za saluni, kwa hiyo kabla ya kutoa riyali moja mnunuzi aulize kwenye Absher, mfumo wa serikali wa mtandaoni, au ofisi ya trafiki kama iqama yake inaruhusu kusajili gari la aina hiyo. Isiporuhusu, asikubali ule mpango wa kuliandikisha kwa jina la kafili, yaani mdhamini wake, au la jirani raia. Fedha zitakuwa zake na gari litakuwa la mwingine, na siku wakikosana hakuna mahakama itakayoisoma istimara kwa namna anayotaka yeye. Hata kuendesha gari la mwingine kunahitaji tafwidhi, yaani idhini ya mwenye gari, iliyosajiliwa kwenye mfumo. Wanaotetea biashara ya pembeni husema kila mtu anafanya, mizigo miwili mitatu Ijumaa haimdhuru mtu, na mshahara hautoshi. Hilo la mshahara ni kweli na linauma. Lakini mwenye iqama ya kazi haruhusiwi kujifanyia biashara yake, na sheria ya kupambana na tasattur, biashara ya mgeni inayofichwa nyuma ya jina la raia, iliyopitishwa mwaka 2020, inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi riyali milioni tano, na mgeni hufukuzwa nchini. Hakuna mzigo wa Ijumaa wenye faida ya kufidia hasara hiyo.

Anayebaki na haki na haja ya kumiliki pikapu, basi, achague ile itakayouzika haraka: nyeupe, iliyotengenezwa kwa soko la Ghuba, yenye bima hai, fahas hai na faini zilizolipwa. Sababu ni ya kisheria. Viza ya kutoka moja kwa moja, khuruji nihai, haitolewi huku gari bado liko kwa jina la anayeondoka. Anayeanza kutafuta mnunuzi wiki ya mwisho hupokea bei yoyote atakayopewa, kwa hiyo ndugu unayepanga kurudi, tangaza gari lako miezi mitatu kabla ya tikiti.