Protoni, «buji» ya kuwasha moto wa jua, zapinda njiani

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore, California, nchini Marekani, miali 192 ya leza ilielekezwa kwenye kidonge kimoja kidogo cha haidrojeni. Leza zilileta megajuli 2,05, kidonge kikatoa 3,15. Ilikuwa mara ya kwanza muungano wa nyuklia, ule moto wa ndani ya jua, kutoa nishati kuliko leza iliyouwasha. Lakini ili kurusha leza hizo, mitambo ilikula megajuli zipatazo 300 za umeme. Kwa anayetaka kuuza umeme, hiyo ni hasara tupu.

Livermore inafanya kama moteri ya mazutu: mafuta yanakandamizwa hadi yawake yenyewe. Watafiti wengine wanapendelea moteri ya esanse: kukandamiza kwanza, kiisha kuleta cheche kutoka nje. Mwaka 2001, Mjerumani Markus Roth na wenzake walipendekeza buji ya protoni.

Kuzipata si kazi ngumu. Leza kali yenye mpigo mfupi mno ikipiga bati jembamba sana, elektroni zinachomoka upande wa pili na kuvuta protoni. Ngumu ni kuzikusanya. Cheche inapaswa kutua mahali padogo kuliko unene wa unywele, kabla mafuta hayajatawanyika.

Hila ya kwanza ilikuwa kukunja bati liwe kibakuli, ili protoni zikutane katikati. Mwaka 2012, kikundi cha Farhat Beg, wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, kilichapisha majaribio ya leza ya Trident, ya Los Alamos. Matokeo: protoni haziendi moja kwa moja. Elektroni za moto zinazosafiri nazo zinajenga nguvu ya umeme inayozisukuma pembeni, njia inapinda. Kikundi kikaweka mbele ya kibakuli kitu kama faneli ya kumiminia mafuta. Hapo umeme uleule, ukishika kuta za faneli, ukaanza kuzirudisha ndani.

Mwaka 2021 Roth alishiriki kuanzisha kampuni, Focused Energy, akitafuta kujenga kituo cha umeme. Hakuna bado kituo cha namna hiyo duniani. Na mafuta yake yanahitaji tritiamu, inayotengenezwa kwa lithiamu, madini yaleyale yanayogombaniwa Manono.