Kusahau Baada ya Dawa za Saratani

Wakulima wa Kitui na Makueni, mama aliyetibiwa saratani ya titi kwa dawa kali zitiwazo mshipani huweza kusahau alipoweka jembe, au kupotewa na hesabu akipima mbegu za ndengu. Huo si uvivu, wala wazimu, wala uchawi. Dawa hizo, pamoja na uchovu, kukosa usingizi na upungufu wa damu, huweza kudhoofisha kumbukumbu. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa. Wengine hukawia zaidi. Basi na aandike kazi zake katika daftari, afanye moja moja, tena amweleze daktari. Dawa ya kunyunyizia mimea na apimiwe na mtu mwingine, maana kosa la kipimo ni hatari. Msimcheke; mkumbusheni kwa upole.